Kabla Hawajagawanywa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, watoto walipita kwanza mbele ya baba yao. Shemeji Eustace alikuwa akikaa barazani kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini, kwa sababu Julai ya Tabora ina baridi na yeye mwili ulikuwa umeisha. Minza, mwenye miaka minane, alinyoosha vidole akaguliwe kucha. Festo, wa miaka mitano, alipandisha mguu kwenye goti la baba yake ili afungwe kamba za viatu. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha uji wenye asali, nikisubiri wamalize, maana uji huo hakuukubali mpaka watoto wawe wametoka.

Asubuhi hiyo kamba haikufungika. Shemeji alipitisha ncha moja juu ya nyingine, akavuta, ikafumuka. Akaanza upya. 

“Baba, umekosea,” Festo akasema. “Kidole chako umekifungia ndani.”

Shemeji akacheka kidogo, akajaribu tena. Huyu ni mtu aliyepanda miti ya msitu wa Ipole tangu ujana wake, akifunga mizinga ya nyuki kwenye matawi kwa kamba za magome, huku amejishikilia kwa miguu tu. Sasa kamba ya kiatu cha mtoto ilimshinda. Aliiachia, akaweka viganja vyote viwili juu ya kile kiatu, akavituliza hapo.

“Elieth,” akasema bila kuinua kichwa. Siku zote huniita shemeji. “Leo mpigie kaka Bundala aje. Na dada Recheli naye. Halafu mtu aende kwa Mzee Gerson, amwambie nataka kuandika wosia.”

Minza aliinama, akafunga zile kamba, akamshika mdogo wake mkono. “Twende, tutachelewa,” akasema. Wakaondoka wakipita kwenye duka la mbele, na mimi nikabaki na kikombe changu.

Shemeji alipokea uji, lakini hakunywa. Alinitazama.

“Na wewe, una mpango gani?”

Nilijua anauliza nini. Majina ya ajira za walimu yalikuwa yametoka, na langu lilikuwamo, baada ya kusubiri tangu nimalize chuo. Nilikuwa nimepangiwa shule ya msingi Nzega vijijini. Na hospitali walikuwa wamekwisha kutuambia kwamba ini lake halitapona, turudi nyumbani na dawa za maumivu. Mambo hayo mawili yalikuwa yamekaa ndani ya nyumba ile pamoja nasi, na hakuna aliyeyaweka karibu karibu ili yaonekane.

Nilitaka kusema. Maneno yalikuwapo, nilikuwa nimeyapanga mara nyingi nikiwa nafua au napepeta mchele. Lakini nikasikia mdomo wangu ukijibu kama ulivyofundishwa:

“Mtakavyoona wakubwa, shemeji.”

 Akatikisa kichwa polepole.

“Basi, sawa,” akasema, akanywa uji.

*

Nilikuja kukaa Gongoni, mtaa huu wa mjini Tabora, kwa ajili ya dada yangu Adelina, mke wa Eustace. Alikuwa na mimba ya Festo, anavimba miguu, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Festo alizaliwa, Adelina hakurudi kutoka wodini. Nilibaki nikilea kichanga, baadaye nikasoma chuo cha ualimu hapa hapa mjini, nikitoka darasani mbio kuja kumchemshia maziwa. Shemeji alikuwa akienda msituni wakati wa kurina, akirudi na ndoo za asali na harufu ya moshi, na watoto wakimrukia. Hatukuwahi kuzungumza nitakaa mpaka lini. Nilikaa tu.

Watu wengine walizungumza. Mchana ule nilipotoka kuanua nguo, jirani yetu Maua alikuwa uani kwake akikoroga unga wa vitumbua kwa mikono. Ukuta wa katikati ni mfupi, tunaongea juu yake. Maua ni mwenyeji wa Gongoni wa siku nyingi. Bibi yake alikuwa akisema ukoo wao uliingia Tabora na misafara, ukachoka kutembea, ukajenga. Hakuna kinachopita mtaani asikijue.

“Mwalimu, nasikia kaka mtu anakuja.”

“Anakuja, dada Maua.”

“Na yule dada mtu, wa Ulyankulu?”

“Naye.”

“Basi watoto wamekwisha kugawanywa hao.” Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja kwamba mawingu yametanda. “Si ndivyo mnavyofanya? Wa kike kwa shangazi, wa kiume kwa baba mkubwa. Wewe utasemaje?”

“Mimi ni nani wa kusema?”

“Mama mdogo wao! Umemlea yule Festo tangu hajafumbua macho.”

“Nikisema nawataka, watu watasema nini? Wewe mwenyewe unayasikia.”

Maua akasimamisha mikono ndani ya unga. Alikuwa anayasikia. Kisimani, kanisani, hata kwake mwenyewe wateja wakisubiri vitumbua, walisema mwalimu anangoja kuingia nafasi ya dada yake. Eustace alipoanza kuumwa, maneno yakageuka: sasa nikawa nangoja nyumba.

“Midomo ya watu,” Maua akasema, “mimi naiuzia vitumbua ili inyamaze dakika mbili. Zaidi ya hapo siwezi kukusaidia.”

Nikacheka, lakini niliporudi ndani nilikaa kitandani na nguo mapajani bila kuzikunja.

Mimi na Adelina tuligawanywa. Baba yetu alitangulia, mama akafuata, na siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa kikao kwetu Sikonge. Nilikuwa mdogo kuliko Festo sasa. Nakumbuka viti vilivyoazimwa kanisani, na nakumbuka mtu akisema kwa upole kabisa, “Huyu mdogo mpeni shangazi.” Adelina alibaki Sikonge, mimi nikapelekwa Igunga. Hakuna aliyenitesa. Nililishwa, nilivishwa, nilisomeshwa. Lakini mtoto anayelelewa kwa watu hujifunza mapema kutoomba. Akiulizwa nyama au maharage, anasema chochote. Akiulizwa umeshiba, anasema nimeshiba. Nilipokutana tena na Adelina, yeye akiwa msichana mkubwa anayekaribia kuolewa, nilimpigia magoti nikamwamkia shikamoo kama ninavyomwamkia mgeni. Akanyanyua nguo yake akajifuta machozi, na mimi sikujua nimekosea nini.

*

Bundala alifika Jumamosi asubuhi. Alitoka moja kwa moja kambi ya nyuki, kwa pikipiki mpaka barabarani, kisha kwa basi la Sikonge, na ndoo ya asali kati ya magoti. Ni mkubwa wa Eustace, mrefu, anaongea kama watu wote wako upande wa pili wa mto.

“Mwangaluka!” akapaza sauti kutoka getini, hiyo salamu ya asubuhi ya nyumbani. “Kumbe unakaa! Nimeambiwa uko hoi, nakuta mtu amekaa kitini kama mwenyekiti wa kijiji!”

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Hii asali haijaguswa na moto. Na hii,” akatoa mfuko wa mizizi ndani ya koti, “utachemshiwa asubuhi na jioni. Kuna mtu Ipole alikuwa na tumbo kubwa kuliko lako. Sasa hivi anacheza ngoma.”

“Kaka, nilikuita kwa jambo jingine. Nataka kuandika wosia.”

Bundala alikuwa anainama kuweka ndoo chini. Aliiweka polepole sana.

“Wosia wa nini? Umechoka kuishi?”

“Wa watoto.”

“Mtu hai haandiki wosia. Unajiita mwenyewe. Unaliita jambo, linakuja.” Sauti ilikuwa imeshuka. “Baba yetu hakuandika, na alizikwa vizuri.”

“Alizikwa vizuri, halafu tukakaa muda mrefu hatusemeshani na baba mdogo kwa ajili ya lile shamba. Umesahau?”

 Bundala alitazama huku na huku uani, akaona gogo la mti nililonunua kwa ajili ya kuni, limelala siku nyingi bila wa kulipasua.

“Kuni zenu hazijapasuliwa,” akasema. Akachukua shoka, akazunguka nyuma ya nyumba. Tukamsikia akianza.

Shangazi Recheli, dada yao, alifika baadaye kidogo kutoka Ulyankulu alikoolewa, na mzigo wa viazi vitamu kichwani na kitenge kipya. Alimkumbatia Minza, akambeba Festo, akalia kidogo kwa Eustace, akajifuta, akaniuliza jikoni kuna nini. Ni mama mwema. Nataka hilo lijulikane. Minza angelala kwake na angeshiba.

Nikawapeleka watoto kwa Maua wakacheze, na Maua akaja kwetu kwa sababu shemeji alimwomba awe shahidi. Mwisho akaja Mzee Gerson, mzee wetu wa kanisa la Moravian, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Alikuwa na mkoba wa ngozi uliochanika pembe na miwani iliyofungwa uzi. Masikio yake yamepungua, kwa hiyo kila anachosema ni hotuba.

“Nani anapasua kuni siku ya shughuli kama hii?”

“Kaka,” shemeji akajibu. “Anaogopa wosia.”

“ANAOGOPA?” Mzee Gerson akageukia upande wa shoka. “Bundala! Mimi wangu niliandika siku niliyostaafu, na mpaka leo nakula ugali!”

“Wewe mauti yenyewe yanaogopa kelele zako,” Maua akasema.

Hata Eustace alicheka, akashika ubavu kwa maumivu. Shoka halikujibu, liliendelea.

Mzee Gerson akaeleza taratibu. Mwenye mali aseme mwenyewe, akiwa na akili zake, bila kusukumwa. Mashahidi wawepo wa ukoo na wa nje ya ukoo. Anayeachiwa kitu asitie sahihi ya ushahidi, ili kesho mtu asisimame mahakamani akasema huyu alijishuhudia mwenyewe. Recheli atashuhudia kwa ukoo, Mzee Gerson mwenyewe na Maua kwa nje. Bundala ndiye ambaye Eustace anamtaka awe msimamizi, lakini lazima akubali kwa kinywa chake.

“Haya, sema, Eustace. Polepole, mkono wangu si ule wa zamani.”

Shemeji akasema. Nyumba hii ya Gongoni ni ya Minza na Festo kwa pamoja, isiuzwe mpaka Festo awe mtu mzima. Kodi ya chumba cha duka iwasomeshe. Mizinga yote yenye alama yake, kule msituni, kaka Bundala aitunze na arine, naye achukue haki ya jasho lake. Kinachobaki ni cha watoto. Wakikua, mizinga igawanywe sawa.

“Sawa kwa sawa?” Recheli akauliza. “Mtoto wa kike na mizinga? Atapanda miti na gauni?”

“Ataajiri wa kupanda. Nyuki hawaulizi mizinga ni ya mwanaume au mwanamke, dada.”

“Wanauma wote,” Maua akasema.

“Basi andika,” Recheli akasema, akajicheka. “Mimi nimeuliza tu, ili nisije nikaambiwa nililala.”

Mzee Gerson aliandika, ulimi ukitokeza kando ya mdomo. Kisha akanyanyua kalamu.

“Watoto wenyewe. Nani awalee?”

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na sinia mkononi. Shemeji hakunitazama. Alitazama mikono yake.

“Minza akae na dada Recheli, Ulyankulu. Festo akae na kaka, Ipole.” Akameza mate. “Likizo wakutane. Hilo nalo liandikwe. Wakutane.”

“Na huyu mwalimu?” Mzee Gerson akauliza, akinielekezea kalamu. “Si ndiye anayewalea?”

“Mwalimu amepata kazi Nzega. Ni binti, ana maisha yake mbele. Nimemuuliza, hakusema kitu. Sitaki kumfunga na wosia kama mbuzi kwenye mti.”

“Ni kweli,” Recheli akasema kwa huruma. “Wifi yangu amefanya kazi kubwa. Na yeye aolewe sasa, azae wake.”

Wote wakanigeukia, wakanitabasamia. Walikuwa wananishukuru. Maua peke yake hakutabasamu. Alinikazia macho kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Nikasema, “Ngoja nilete chai,” nikaingia ndani.

Sikufika jikoni. Mlango wa chumba cha watoto ulikuwa wazi, na Minza alikuwa ndani. Sijui alirudi saa ngapi kutoka kwa Maua. Dirisha la chumba hicho linatazama baraza, na lilikuwa limefunguliwa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya lile begi kubwa wanalowekea nguo pamoja, yeye na Festo, amezimwaga zote sakafuni, na alikuwa anazitenga. Huku gauni zake, huku kaptula za mdogo wake. Hakulia. Alifanya kama anavyofanya kazi ya nyumbani ya shule, kwa kujitahidi. Alipofika kwenye sweta, lile la bluu la kufumwa kwa mkono ambalo wanavaa kwa zamu kwa sababu linamkaa kila mmoja vibaya, alisita. Akaliweka upande wake. Akalitoa. Akalikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka juu ya nguo za Festo.

“Ipole kuna baridi kuliko Ulyankulu?” akaniuliza.

“Sijui, Minza.”

“Nimempa yeye. Mimi nitasema kwa shangazi sisikii baridi.”

Nilikaa sakafuni pembeni yake. Nilitaka kumwambia mengi, ila nilikuwa najua tayari kwamba hayakuwa ya kumwambia yeye. Nilimshika kichwa, nikakiegemeza kwangu. Nywele zake fupi zilinukia sabuni ya kufulia. Nje shoka lilikuwa limenyamaza, na nikasikia Mzee Gerson akiita, “Bundala! Tumemaliza, njoo ukubali au ukatae, lakini njoo!”

*

Nilirudi barazani bila chai. Bundala alikuwa amesimama kwenye ngazi, jasho linamtoka ijapokuwa ni baridi, shoka bado mkononi. Kalamu ilikuwa imelazwa juu ya karatasi, na watu wote wanaitazama, isipokuwa yeye.

“Usimamizi nitaufanya,” akasema. “Mizinga nitaitunza hata bila karatasi. Mtoto wako ni mtoto wangu, nani hajui? Lakini sahihi siweki.”

“Kwa nini, kaka?” Recheli akauliza.

“Kwa sababu sitaki.”

“Hiyo si sababu, na mimi siwezi kuiandika,” Mzee Gerson akasema.

Bundala akaweka shoka chini. Alionekana ghafla mzee.

“Nikiweka sahihi pale, nitakuwa nimekubali. Huyu nilimbeba mgongoni. Mara ya kwanza kwenda msituni nilimbeba mgongoni, ameumwa na nyuki mpaka macho yamefumba, na niliambiwa usimwache. Sasa mnaniletea kalamu niandike kwamba nimemwacha.”

 Maua alifunika mdomo kwa ncha ya khanga.

“Kaka,” shemeji akasema. Ilibidi wote tusogee ili tumsikie. “Nitakwenda, uweke usiweke. Ila kukubali kumenichosha. Nimekubali peke yangu tangu hospitali. Nisaidie hata kidogo.”

Bundala akapanda ngazi. Akajifuta viganja kwenye suruali, upande wa mbele, upande wa nyuma, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akainama juu ya meza, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, moja moja, huku machozi yanadondoka puani na kuangukia mezani. Mzee Gerson akaivuta karatasi haraka isilowe.

“Asante, kaka,” Eustace akasema. Akafumba macho, akaegemea kiti.

Mzee Gerson akarekebisha miwani yake. “Sasa nasoma kipengele cha watoto kwa mara ya mwisho, kisha dada Recheli na Bi Maua waweke sahihi, kisha mimi. Baada ya hapo tunafunga, tunasali. Minza, kwa shangazi yake, Ulyankulu. Festo, kwa baba yake mkubwa, Ipole. Likizo wakutane.” Akatuzungushia macho. “Kuna mwenye neno?”

Nilisema.

Najua nilisema, kwa sababu Maua alinigeukia, na Recheli aliacha kufunga kitenge. Lakini sauti yangu ilikuwa imetoka nusu, kama kawaida yake.

“Nini?” Mzee Gerson akaweka kiganja sikioni. “Nani amesema?”

“Mimi, mzee.”

“Sema kwa sauti, mwanangu. Mimi siandiki minong’ono.”

 Nilifikiria kisima na wanawake wa kanisani. Nilifikiria kwamba Recheli atasema watoto wa ukoo hawaendi kwa watu baki, na kwamba ana haki ya kulisema. Nilifikiria Bundala, ambaye ndiyo kwanza amelia. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba hapana, nilitaka tu kuuliza kama mnakunywa chai ya rangi au ya maziwa. Na wote wangeniamini.

Shemeji alikuwa amefumbua macho.  Alikuwa ananisubiri, na niliona kwamba alikuwa amenisubiri tangu ile asubuhi ya viatu.

“Wasigawanywe,” nikasema.

“Endelea,” Mzee Gerson akasema.

“Mimi niligawanywa na dada yangu. Watu wema walitugawana, kama ninyi. Nilipomwona tena sikujua nimwiteje. Shangazi Recheli, kwako Minza atakula vizuri, najua. Baba mkubwa, najua Festo utambeba mgongoni. Lakini sasa hivi Minza yuko ndani, ametenga nguo zake na za mdogo wake, na sweta amempa Festo, na amekwisha kupanga uongo wa kukuambia kwamba hasikii baridi. Ana miaka minane. Akishajifunza hivyo hataacha. Mimi sikuacha.”

“Uwii,” Recheli akasema polepole, mkono kifuani. “Yuko ndani? Amesikia?”

“Amesikia yote.”

“Mwalimu,” Bundala akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepasuka, “kwani siku zote hizi ulikuwa umekaa na hili tumboni?”

“Nilikuwa nalo. Niliogopa watasema nataka nyumba. Mzee, andika kwamba nyumba siitaki. Kodi ishikwe na baba mkubwa. Mizinga siijui hata ilipo. Nzega kuna nyumba za walimu, na shule niliyopangiwa ina darasa la awali na darasa la tatu. Watakwenda na mimi asubuhi, watarudi na mimi. Likizo zote watakuja kwenu, Ipole na Ulyankulu, wote wawili pamoja. Na anayetaka kusema kisimani, aseme.”

“Mimi nitamjibu huyo,” Maua akasema.

Mzee Gerson hakuandika bado. Alimtazama Eustace, kwa sababu wosia ni wa mwenyewe. Na Eustace alikuwa ananitazama mimi, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyebeba mzigo mzito akasikia mkono mwingine ukishika upande wa pili.

“Nilikuuliza, shemeji,” akasema. “Kwa nini hukusema?”

Nilisogea mbele mpaka nikafika kwenye kiti chake. Sikupiga magoti. Niliinama tu ili anisikie vizuri, na nikasema kwa sauti ambayo hata Mzee Gerson hakuhitaji irudiwe, sauti ambayo Minza alikuwa akiisikia pale dirishani:

“Nilikuwa nataka kusema nawataka. Si kwamba nitawachukua kwa kuwa hakuna mwingine, wala kwa kukuonea huruma. Minza na Festo nawataka wawe wangu. Niandike mimi.”